Kutoka gati la Mtwara hadi mikoko ya Mkwaya

Jumamosi, Mtwara mjini

Basi limetushusha stendi jua linazama. Njiani hakukuwa na la kusimulia isipokuwa pale Somanga, ambako mafuriko ya kimbunga Hidaya yalikata barabara Mei 2024 na kutenga kusini na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Abiria wote walinyanyua shingo kuchungulia mto, hata waliokuwa wanakoroma tangu Ikwiriri.

Shemeji yangu amenipokea na bajaji iliyoandikwa "Mtwara Kuchele" kwa rangi ya bluu. Yeye ni injinia, bado kijana, yuko kwenye kampuni ya ushauri inayochora upanuzi wa yadi moja ya mizigo kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara. Mimi ni fundi wa leveli: misingi, mitaro, barabara za mitaa. Ameniita kwa kazi isiyo na malipo zaidi ya pweza na wali. Anataka mtu asiye wa ofisini mwao apime kitu fulani nyuma ya yadi, akishapima aseme alichokiona. Begini nimebeba mpira wa maji, ule mweupe unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi hupimia misingi. Shemeji alipouona akacheka. Wao wana mashine ya satelaiti.

"Mashine yenu iko wapi?" nikamuuliza.

"Imeenda saiti nyingine."

Basi.

Kabla ya kula tumeteremka kutazama bandari kwa mbali, taa zinaanza kuwaka. Bandari hii ni mtoto wa karanga. Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, waliamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na sehemu ya mashamba ikawa Nachingwea. Karanga zilihitaji njia ya kutokea, na hori la Mtwara lina kina cha asili ambacho meli kubwa inakitaka. Gati likajengwa, reli ikalazwa. Mpango wenyewe ukafa mwaka 1951, serikali ya Uingereza ikafuta deni la pauni milioni 36, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni kina cha maji.

Kwa miaka mingi bandari ililala ikisubiri msimu wa korosho. Sasa imeamka. Kuna gati jipya la mita 300, kuna agizo la serikali kwamba korosho za kusini zisafirishwe kupitia hapa badala ya kupelekwa Dar kwa malori, na kuna makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma. Kwa harufu na kwa vumbi, makaa ndiyo yanayosemwa zaidi mjini. Serikali imeamua kwamba mizigo michafu, makaa na saruji, ijengewe bandari yake Kisiwa Mgao. Tutafika huko Mungu akipenda.

Jumapili, Msangamkuu

Tumevuka asubuhi na pantoni, MV Mafanikio. Nilitaka kuiona bandari kutoka upande wa pili, kwa macho ya wale ambao meli zinapita mbele ya nyumba zao.

Kesho kutwa mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, imeshaanza na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Akina mama walikuwa mbali kwenye miamba, na mikuki yao, wanatafuta pweza. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu chini ya mkungu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye sindano.

Nilimuuliza kama kazi za bandari zimefukuza samaki. Nilitegemea jibu refu la malalamiko. Akasema, "Mwanangu, tusiwasingizie. Baruti ilianza kuua mwamba kabla gati jipya halijafikiriwa. Walioitupa wengine ni ndugu zetu." Halafu akaweka wavu chini. "Lakini maji yakikaa na tope siku nyingi, nyasi zile unazoziona pale zinafunikwa. Tasi anakula nyasi. Nyasi zikifa, tasi haji. Hilo halihitaji mwalimu."

Nyasi bahari, ndizo alizokuwa anaonyesha, zinaanza pale ambapo goti linazama. Ukizitazama kwa juu ni kama shamba lililotelekezwa, ila kila unapokanyaga kuna kitu kinakimbia. Zinahitaji mwanga. Ndiyo maana kazi ya kuchimba kina, ile ya kuondoa mchanga na tope ili meli kubwa ipite, inatakiwa iwe na pazia la kuzuia tope lisisambae, na ipangwe kwa kufuata mkondo. Ukichimba maji yakiwa yanatoka, tope linakwenda baharini; yakiwa yanaingia, linakwenda kulala ndani ya hori, juu ya nyasi na kwenye mizizi ya mikoko.

Tena bandari ina jirani mzito. Kutoka pande za Ras Msangamkuu hadi mdomo wa Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650. Ndani ya hifadhi hiyo hiyo, Msimbati, ndiko viliko visima vya gesi. Kusini tumeshazoea kuona viwanda na viumbe vya bahari vikipangishwa nyumba moja. Swali ni nani alichora ukuta wa kati.

Jumatatu, nyuma ya yadi

Leo ndiyo kazi yenyewe, na nitaieleza taratibu.

Yadi siitaji jina. Iko kando ya mkono mdogo wa hori, na kuifikia kumejengwa barabara ya kifusi iliyokata mkono huo katikati. Upande mmoja wa barabara ni bahari wazi, upande mwingine ni kama ekari kadhaa za mikoko iliyofungiwa. Malori yanapita juu siku nzima. Chini ya barabara kuna kalavati moja la duara.

Tulifika saa tatu na nusu, maji yakiwa yanamalizia kutoka. Upande wa bahari mkondo ulikuwa umekauka, tope linang'aa, kaa wanatoka mashimoni. Upande wa ndani maji yalikuwa yamejaa tele, meusi, yametulia, na yananuka yai viza. Ndani ya maji hayo ilisimama michu, aina moja ya mikoko, iliyokufa. Siyo iliyokatwa, imekufa wima, ina matawi yote, haina jani hata moja. Magome yanabanduka. Nilivunja kitawi, kikakatika kama biskuti.

Kijana anayeuza kaa pale alisema michu ilianza kupukutika "baada ya barabara kupandishwa". Watu walidhani ni sumu ya yadi. Wengine walisema ni wadudu. Nikamwomba kijana ashike ncha moja ya mpira.

Kwa asiyejua, mpira wa maji unafanya kazi hivi. Unaujaza maji, unahakikisha hakuna povu ndani, maana povu moja linaharibu hesabu yote. Mtu mmoja anasimamisha ncha moja kwenye ubao hapa, mwingine anasimamisha ncha ya pili kwenye ubao kule. Maji ya ncha zote mbili yanatulia kwenye usawa mmoja, hata kama kati yenu kuna kilima. Kila mmoja anapima kwa kanda kutoka kwenye maji hadi ardhini kwake. Tofauti ya vipimo ndiyo tofauti ya ardhi. Hakuna betri, hakuna satelaiti.

Tulipima kutoka kwenye sakafu ya kalavati hadi kwenye kitako cha mkondo wa zamani upande wa bahari: sentimita 70. Yaani mdomo wa kalavati unaning'inia juu ya mkondo. Kisha upande wa ndani, kutoka sakafu ile ile hadi kwenye tope lenye michu: sentimita 40. Nikamwonyesha shemeji namba hizo, akakaa kwenye jiwe.

Maana yake ni hii. Mchu unapumua kwa vijiti, ile mizizi inayochomoza kwenye tope kama penseli zilizosimikwa. Vijiti hivyo hapa vilikuwa na urefu wa shubiri, sentimita ishirini na kitu. Kila maji yanapokupwa, vinatakiwa vibaki nje vipate hewa. Kwenye kidimbwi hiki, bamvua ikija maji yanaingia kupitia kalavati, lakini yakipungua hadi usawa wa sakafu yake hayatoki tena. Sentimita 40 zinabaki ndani, mchana na usiku, na vijiti vimezama. Mti hauna pa kuvutia pumzi. Halafu wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hujaa kidogo tu, bahari haifiki hata kwenye mdomo wa kalavati, jua linachoma, chumvi inazidi. Hapakuwa na sumu wala mdudu. Mti umezamishwa na fundi aliyelaza bomba pale ambapo kifusi kilikuwa kimeshindiliwa vizuri.

Simlaumu sana fundi huyo. Kalavati lake linafanya kazi aliyotumwa: kupitisha maji ya mvua yasivunje barabara. Hakuna aliyemwambia kwamba maji ya pale yanakwenda pande zote mbili.

Sasa njoo upande wa bahari. Pale nje, kwenye tope wazi, kuna mistari ya vijiti vilivyopangwa kwa kamba, hatua moja moja, na kibao kilicholiwa na kutu kinachosema hapa palipandwa mikoko. Nilihesabu mstari mzima sikupata mche hai. Shina za miche zimevikwa magamba meupe ya vidudu vya bahari kuanzia chini hadi juu. Hii ni dalili kwamba mche unakaa ndani ya maji muda mrefu kuliko unaoweza kuvumilia. Wamepanda mkoko mahali ambapo hata mlilana, aina ya mikoko inayotangulia mbele kwa bahari, haujathubutu kuota. Siku ya kupanda bila shaka watu walivaa fulana mpya na picha zikapigwa. Kwa nini pale? Kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi na gari liliweza kufika.

Kwa hiyo kwa upana wa barabara moja una mambo mawili: ndani, msitu wa asili unakufa kwa sababu ya sentimita 40, nje, msitu wa kupandwa umekufa kwa sababu ulipandwa chini mno. Yote mawili ni suala la leveli. Nilijiona nimekuja mahali pangu.

Jioni maji yalirudi. Saa kumi bamvua ilifika mdomo wa kalavati na kuanza kumiminika ndani kwa kishindo, na samaki wadogo wakaingia nayo. Kijana wa kaa alikuwa amesimama na kijavu chake upande wa ndani. "Wakiingia hapa hawatoki," akasema. Kwake ni faida, na sikuona sababu ya kumhubiria.

Jumanne, ofisini

Siku ya viti na chai. Shemeji amenionyesha mchoro wa upanuzi: barabara ile ile itapanuliwa na kuwekwa lami, na kalavati la zamani "litaongezwa urefu". Hilo ndilo neno kwenye mchoro. Litaongezwa urefu kwa leveli ile ile.

Nikamwambia, ukilishusha sasa, kwenye karatasi, gharama yake ni wino, na tofauti ya zege ambayo haifiki robo ya bei ya lami yenu. Ukilishusha baada ya lami, unafunga barabara, unasimamisha malori, unafukua. Akasema, "Shemeji, hilo nalijua. Tatizo ni kwamba kwenye hadidu za rejea mikoko imetajwa ukurasa wa mwisho, chini ya upandaji miti."

Hapo ndipo palipo na ugomvi wangu na mambo haya yote. Bandari inachorwa kwanza, ikimalizika ndipo panatafutwa mahali pa kupanda miti ili kulipa fidia. Mikoko inageuzwa kuwa bustani ya mlangoni. Ilhali mikoko haipandwi penye nafasi. Inaota penye maji yanayoingia na kutoka kwa kiasi chake. Mwenye kushika njia ya maji ni yule anayechora barabara, gati na mitaro. Yeye ndiye bwana miti, atake asitake.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kabla haujaanza, na inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Bandari, ni wazi, haiwezi kujengwa mita 60 kutoka majini, kwa hiyo inapewa masharti yake. Mikoko ya Bara yote ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu. Bandari ni ya TPA, mamlaka ya bandari, tathmini ya mazingira inapitiwa na NEMC, baraza la mazingira, wavuvi wako kwa halmashauri. Kila mmoja ana faili lake, na kalavati lile halimo kwenye faili la yeyote.

Shemeji akafungua kompyuta akanionyesha Seattle, Marekani. Mji ule una ukuta wa bahari wa zamani, sehemu zake zilianza kujengwa mwaka 1916, umeliwa na minyoo ya mbao na kutikiswa na matetemeko. Ulipojengwa upya, sehemu kubwa ikikamilika mwaka 2017, wahandisi walitakiwa pia kuwafikiria watoto wa samaki aina ya salmoni, wanaopita kando ya ukuta kwenda baharini. Salmoni mdogo anaogopa kivuli. Akifika chini ya gati lenye giza anasita au anazunguka kwenye maji ya kina, akaliwe huko. Basi njia ya waenda kwa miguu iliyo juu ya maji wakaiwekea vioo vinene vinavyopitisha mwanga, uso wa ukuta wakauchonga mabonde na vishubaka vya kushika mwani na konokono, na chini wakanyanyua sakafu ya bahari ili pawe na kina kifupi cha kupita. Mji huo huo, bandari yenyewe ilichukua eneo lake la zamani lililochafuliwa, Terminal 117 kando ya mto Duwamish, ikalisafisha na kulifanya ukingo wa viumbe na bustani ya watu, ekari 14, iliyofunguliwa mwaka 2022.

Mkubwa wa shemeji alikuwa anasikiliza mlangoni. "Wao wana hela," akasema, akaondoka na kikombe chake.

Wana hela, kweli. Lakini nilichokiona mimi kwenye picha zile siyo vioo. Ni kwamba samaki alikuwamo kwenye mchoro wa ukuta tangu mwanzo, na vipimo vyake vimeandikwa: kina hiki, mwanga huu. Hapa kwetu hatuhitaji kioo. Tunahitaji mtu aandike kwenye mchoro: sakafu ya kalavati isiwe juu ya kitako cha mkondo. Na pale panapowezekana gati lisimame juu ya nguzo kuliko kujazwa kifusi, ili mkondo upite chini yake na tope liendelee na safari yake ya kila siku.

Jumatano, Mikindani

Tumefika mapema. Mji wa mawe, mitaa myembamba, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akienda bara asirudi tena pwani akiwa hai. Watalii huonyeshwa hayo. Mimi nilitazama kuta. Ukisogeza uso karibu na ukuta uliobomoka unaona matumbawe, yana vijishimo vyake vile vile, yameshikwa kwa chokaa ambayo nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa miaka mingi ghuba hii ilichimbwa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa: unapanga magogo, unapanga matumbawe juu, unawasha. Nyumba nzuri zilijengwa kwa ukuta ambao ulikuwa unavunja mawimbi. Saruji ya kiwandani imepunguza njaa hiyo, na kwa hilo nakipongeza kiwanda.

Kando ya ghuba kuna akina mama wenye kitalu cha mikoko. Mkubwa wao tulimwita Bibi, naye alitutwisha ndoo za tope kabla ya kutupa maneno. Viriba vimepangwa kwenye kivuli cha makuti, chini kidogo ya mstari wa bamvua, ili bahari ije kumwagilia yenyewe.

Nilimwambia kuhusu miche ya kule yadi. Akaguna. "Walikuja kununua kwangu. Nikawaambia subirini niwaonyeshe pa kupanda. Wakasema sherehe ni Ijumaa."

Msimu wa mbegu ulikuwa unaisha, lakini alikuwa na chache za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado juu ya mama yao. Alinifundisha kuchagua. Unatazama shingoni, pale ambapo kile kijiti cha kijani kinaungana na tunda. Shingo ikiwa ya njano, imekomaa. Ikiwa ya kijani, umeinyang'anya mti kabla ya wakati, itaoza. Kisha unaigeuza taratibu ukitafuta tundu dogo kama la sindano. Ukiliona, mdudu ameshaingia, tupa. Vidole vyake vilifanya hivyo bila yeye kuangalia, huku anatueleza habari za mbuzi. Mbuzi ndio adui yake mkubwa. Wanapenda majani ya mchu kwa sababu yana chumvi.

Nikamuuliza kama angeweza kuupanda upya msitu uliokufa nyuma ya yadi. "Nipande nini? Fungueni maji kwanza. Yakiingia na kutoka, mbegu zitakuja zenyewe, hori zima limejaa mbegu. Mimi nitapanda palipobaki wazi." Akamtazama shemeji. "Najua hapo hulipwi kwa kupanda. Na mimi sitauza miche. Lakini ndivyo ilivyo."

Bado anadai malipo ya miche ile ya sherehe. Aliyenunua simtaji.

Alhamisi, Kisiwa Mgao

Pikipiki mbili, vumbi jekundu. Barabara kuu inayokwenda Lindi inapita kando ya kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichoanza uzalishaji mwaka 2015, kisha unakata kushuka pwani. Hori ni zuri, lina kina, lina mikoko.

Kuhamishia makaa huku ni uamuzi ninaouelewa: mji utapumua, na gati la mjini litabaki na korosho na makontena. Lakini hori la huku halikuwa tupu likisubiri makaa. Faida yake ni moja tu, nayo ni kubwa: huku unaanza mwanzo, unaweza kuichora njia ya maji kabla ya njia ya lori, na rundo la makaa ukaliwekea mtaro na bwawa la kutuliza maji meusi kabla hayajafika kwenye mikoko.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa aliuliza swali ambalo shemeji aliliandika kwenye daftari lake: "Ngalawa zetu zitapita wapi usiku, meli ikiwa imefunga?" Hakuwa na jibu, wala haikuwa kazi yake kuwa nalo.

Ijumaa, Lindi hadi Mkwaya

Shemeji amerudi kazini, mimi nimeendelea Lindi. Baada ya swala ya Ijumaa nikakodi boti ya mashine pale kwenye ufuko, maji yakiwa yanaanza kujaa, tukaingia ndani kwenye hori la mto Lukuledi.

Kabla gati la Mtwara halijakamilika, karanga zilikuwa na bandari ya muda: Mkwaya, huku ndani. Reli ya kwanza kwenda Nachingwea ilianzia hapo mwishoni mwa miaka ya 1940. Matrekta, mabomba na mahema ya mpango mzima wa kusini yalipita kwenye maji haya. Miaka kama arobaini kabla yake, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru ilipita Lindi pia, kati ya 1909 na 1913, ikipelekwa Berlin. Hori hili limebeba mizigo ya ajabu.

Nahodha alizima mashine akanionyesha kwa kidole. "Hapa ndipo wazee wanaposema meli zilikuwa zinafunga." Nilitazama sana. Aina zote za mikoko: mililana mbele, mkoko nyuma yake, msinzi, na mkandaa kule juu kwenye tope gumu, kila mmoja kwenye ngazi yake. Hakuna aliyepanda. Walipoondoka watu, maji yaliachwa yaende yatakavyo, na mbegu zikafanya kazi iliyobaki.

Sisemi Mtwara nayo iachwe. Mkoa unahitaji gati, na vijana wanaopakia korosho wanahitaji mshahara zaidi ya wanavyohitaji mashimo ya kaa. Ila Mkwaya inaonyesha kwamba anayeirudisha mikoko ni maji, na kwamba bandari inayofanya kazi inaweza kuyaacha maji hayo yapite ikiwa aliyechora ameamua hivyo. Lindi yenyewe inasubiri zamu yake: eneo la Likong'o limetengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia iwe kimiminika. Wakati wa kuchora haujapita.

Jumamosi, Lindi

Asubuhi nimekwenda kuona majaruba ya chumvi yaliyoachwa, nje kidogo ya mji. Mwenyewe, mzee mchangamfu, alisema ukuta wa tope ulibomolewa na mvua, bei ya chumvi ikawa haina maana, akaacha. Kwenye mapengo ya ukuta bahari inaingia na kutoka. Ndani ya majaruba, kufuata vijito vilivyojichimba vyenyewe, kuna michu midogo inayofika kiunoni, imejaa. Pembeni, ambako ukuta bado mzima, ni ardhi nyeupe tupu, chumvi inapasuka chini ya kandambili. Mpaka kati ya pale na pale ni upana wa nyayo zangu.

Nilitoa mpira, mzee akashika ncha. Tope lenye michu na tope tupu yako leveli moja, tofauti haifiki sentimita tatu. Udongo ni ule ule. Mzee akasema kama ni hivyo atatoboa ukuta sehemu nyingine mbili, jembe analo. Nikamshauri afuate pale ambapo kijito cha zamani kilipita, siyo popote.

Nikiwa nasubiri chai ujumbe wa shemeji ukaingia. Mkubwa wake amekubali kubadilisha bomba la duara kuweka boksi kalavati mbili, na sakafu imeshushwa sentimita 40, kwa hiyo kidimbwi kitatoka maji. Zaidi ya hapo amekataa, anahofia msingi wa barabara. Nimempigia. Nimemwambia 40 zitaokoa mchu ulio hai, lakini mkondo utaendelea kudondoka kutoka mdomoni mwa kalavati kwenda baharini na kuchimba shimo chini ya barabara hiyo hiyo anayoihofia. Amwambie hilo la shimo, aachane na habari za samaki. Mchoro unasainiwa Jumatano.